Gari lilinitoka mikononi kwenye tope la theluji: nilikosea wapi?

Mama Wawili, Minnesota

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Naandika nikiwa mzima wa mwili, lakini moyo bado haujatulia, na ninaomba msaada wa wale waliokwisha kuendesha gari miaka mingi katika nchi za baridi. Mimi ni mzaliwa wa Nakuru. Nimeendesha miaka tisa kule nyumbani, na huu ni msimu wangu wa pili wa theluji nikiwa nyuma ya usukani hapa Marekani.

Jumanne asubuhi nilitoka kazini St. Cloud, ambako huwahudumia wazee zamu ya usiku, nikashika barabara kuu ya I-94 kurudi nyumbani Brooklyn Park. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha, kisha hewa ikapata joto kidogo hadi kipimo cha gari kikaonyesha nyuzi 33 za Farenhaiti, yaani sifuri na nusu hivi za Selsiasi. Malori ya kukwangua theluji yalikuwa yamekwisha kupita na kumwaga chumvi. Katika njia ya kulia kulikuwa na mistari miwili myeusi ya lami palipopita magurudumu ya wengine, na kati ya njia ya kulia na ya kushoto kulikuwa na tuta la theluji iliyoyeyuka nusu, rangi ya majivu, zito kama uji wa wimbi unaoanza kupoa, kimo chake kama upana wa kiganja.

Mbele yangu lilikuwapo lori lililokuwa likinirushia maji machafu kwenye kioo. Nikiwa katika mwendo wa maili 55 kwa saa, karibu kilomita 88, niliwasha indiketa nikaanza kuhamia kushoto ili nilipite. Magurudumu ya kushoto yalipoingia katika lile tuta, nilisikia chini ya sakafu mlio kama wa mchanga unaomwagwa kwenye karai. Usukani ukawa mzito, kisha ghafla ukawa mwepesi kabisa, kana kwamba haukufungwa na kitu chochote. Gari likavutwa kushoto. Nikakata kulia, halikuitika. Nikakanyaga breki huku nikizidi kukata kulia, na kanyagio likaanza kutetemeka na kunguruma chini ya mguu, nikadhani kuna kitu kimevunjika, nikaliachia. Hapo ndipo pua ya gari iliporuka kulia kwa nguvu. Nikakata kushoto, na mkia ukanizunguka. Gari lilivuka njia ya kushoto kinyumenyume, likatumbukia katika bonde la nyasi lililo katikati ya barabara, likasimama hatua chache kabla ya nyaya za chuma zinazotenganisha magari yanayokwenda na yanayorudi. Namshukuru Mungu kwamba hakuna aliyenigonga. Nilikaa humo karibu saa nzima, injini ikiwa inaunguruma ili nipate joto, mpaka gari la kuvuta lilipofika.

Naomba kuelezwa kwa nini usukani ulikataa kufanya kazi kisha ukafanya kazi kupita kiasi. Mume wangu anasema nilipaswa kukanyaga breki na kuachia mara nyingi, kama tulivyofundishwa katika shule ya udereva, nami sijui kama ni kweli. Jambo jingine ni kwamba matairi yangu ni ya misimu yote, na aliyeniuzia gari aliniambia kuwa yanatosha. Siombi kufarijiwa. Ninataka kujua mkono na mguu wangu vilipaswa kufanya nini katika zile sekunde tatu, kwa sababu barabara hiyo hiyo nitaipita tena Jumatatu.

Dereva wa Uvira, Iowa

Pole sana, dada, na tunashukuru kwamba umeweza kuandika haya mwenyewe. Naendesha malori makubwa mwaka wa kumi na moja sasa, zaidi katika I-80 na I-35, na maelezo yako ni kamili kiasi kwamba ninaweza kukuonyesha mahali gari lilipokuacha.

Watu huogopa barafu, nami pia ninaiogopa, lakini tope la theluji lina tabia yake ya pekee: ni zito kuliko maji na halikimbii upesi kama maji. Tairi likienda polepole hulikata tope hilo, likalisukuma pembeni na kulipitisha katika mifereji yake hadi mpira ugusane na lami. Mwendo ukizidi, tope linakosa muda wa kuondoka, na tairi linapanda juu yake kama mtumbwi. Ule wepesi ulioupata mikononi ndio wakati ambapo magurudumu ya mbele yalikuwa yakielea. Ungeweza kuzungusha usukani hadi mwisho na gari lingeendelea kwenda linakotaka, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kushika.

Kilichokuvuta kushoto ni jambo la pili, nalo huanza kabla tairi halijaelea. Magurudumu mawili ya kushoto yalikuwa ndani ya uji unaoyazuia, na mawili ya kulia yalikuwa juu ya lami yenye maji tu. Upande mmoja wa gari ukizuiwa na mwingine ukiachwa huru, pua hugeukia upande uliozuiwa. Ndiyo maana usukani ulikuwa mzito kwanza, kisha ukawa mwepesi.

Sasa fuatilia vizuri, kwa maana hapa ndipo ajali yako ilipozaliwa. Ulikata kulia, na gari halikuitika, ukazidi kukata. Matairi yalipotoka kwenye tuta na kukutana tena na lami, yalikuwa bado yamegeuzwa kulia kwa pembe kubwa, pembe ambayo usingeweza kuitumia hata siku ya jua kwa mwendo ule. Na kwa kuwa wakati huo huo uliachia breki, uwezo wote wa kushika uliokuwa ukigawanywa kati ya kusimamisha na kugeuza uliingia katika kugeuza peke yake. Pua ikaruka. Wewe ukakata kushoto kwa nguvu ile ile, na mkia ambao tayari ulikuwa umekwisha kuachia lami ukapita upande wa pili. Sisi madereva wa malori tunaogopa mrudio huo wa pili kuliko mtelezo wa kwanza, kwa sababu wengi hufia katika kusahihisha.

Mkono wako ulipaswa kutulia, na najua ni rahisi kwangu kusema haya nikiwa nimeketi jikoni, maana gari lako lilikuwa likila mita 24 katika kila sekunde. Usukani unapokuwa mwepesi, achia mafuta taratibu, mguu usikurupuke kwenda kwenye breki, na usukani ubaki umeelekezwa karibu sawa na njia unayotaka kuifuata, ukisubiri uzito urudi mikononi. Ukirudi, geuza kidogo kidogo. Ikiwa mkia ndio unaokimbia, elekeza usukani upande unaotaka pua iende, lakini anza kuurudisha kabla gari halijanyooka kabisa, kwa sababu ukingoja linyooke utakuwa umechelewa. Macho nayo yawe kwenye njia yako. Mtu akiangalia zile nyaya za chuma, mikono yake humpeleka huko huko.

Lakini kwa kweli kosa lililo kubwa kuliko yote lilitangulia zile sekunde tatu. Tuta lile halivukwi kwa maili 55 ili kupita lori. Mimi nikiliona, hubaki nyuma, hurefusha nafasi, na huacha maji machafu yarushwe kwenye kioo. Ikibidi kulivuka, kwa mfano njia yako inapokwisha, punguza mwendo kwanza ukiwa bado juu ya lami, tafuta mahali lilipo jembamba, kisha livuke kwa pembe ndogo bila kuongeza mafuta na bila kugusa breki. Na ule mfumo wa gari kujishikilia mwendo wenyewe uzime tangu unapotoka nyumbani, kwa maana tairi likianza kuelea, mfumo huo hauachii mafuta kama mguu wako ungeachia.

Mzee wa Kazi, Ontario

Mama Wawili, pole. Mimi nilifika Kanada mwaka 1986, na gari langu la kwanza lilikuwa zee, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Mumeo amekuambia kweli. Breki katika theluji hukanyagwa na kuachiwa, kukanyagwa na kuachiwa, ili magurudumu yasifungane, yaani yasiache kuzunguka huku gari likiteleza. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyofika uzee huu.

Ninaongeza jambo ambalo Dereva wa Uvira hakuligusa. Tope lile la mchana halibaki tope. Jioni joto likishuka, yale mashimo na mistari iliyochorwa na magurudumu huganda ikawa matuta magumu kama reli, nalo gari likishaingia humo hulifuata hata kama wewe unataka kwingine. Chumvi ya kawaida hupoteza nguvu joto likishuka chini ya nyuzi 9 hivi za Selsiasi chini ya sifuri, kwa hiyo usiitegemee usiku wa baridi kali kama unavyoitegemea asubuhi kama ile yako. Na daraja huganda kabla ya barabara, kwa kuwa baridi hulipiga juu na chini, ilhali barabara ina ardhi inayoipa joto. Wewe unayesafiri usiku uyazingatie haya kwa dhati.

Binti Tanga, Göteborg

Shikamoo, Mzee wa Kazi. Kuhusu daraja na mashimo yanayoganda naungana nawe moja kwa moja, ila kwa breki naomba niseme tofauti kwa heshima zote. Gari lako la 1986 lilihitaji breki za kukanyaga na kuachia kwa sababu halikuwa na mtu mwingine wa kuifanya kazi hiyo. Gari la dada yetu lina mfumo wa kuzuia magurudumu yasifungane, ule unaoitwa ABS, na ule mtetemo na mngurumo alioudhani kuwa ni kuvunjika ndio mfumo wenyewe ukikanyaga na kuachia kwa niaba yake, mara nyingi kwa sekunde kuliko mguu wa binadamu unavyoweza. Ukiuondoa mguu unaukatiza. Katika gari lenye ABS, ikiwa umeamua kufunga breki ya dharura, kanyaga kwa nguvu, shikilia hapo hapo, acha kanyagio lipige kelele, na endelea kuelekeza usukani.

Nayasema haya kwa sababu niliyapitia kwa mwili wangu. Hapa Sweden huwezi kupata leseni bila kupita mafunzo ya lazima ya utelezi, katika uwanja maalumu uliotengenezwa uteleze. Mwalimu alinipandisha mwendo, akaniamuru nikanyage breki mbele ya koni za plastiki. Mara ya kwanza kanyagio liliponiruka mguuni niliachia, kama dada alivyofanya, nikazipiga koni zote. Mara ya tatu niliweza kushikilia na kuzikwepa. Hakuna maelezo ambayo yangenifundisha hilo. Mguu wenyewe ulihitaji kuzoea ule mtetemo.

Jambo la pili nililojifunza pale ni umbali. Chukua hesabu ya fizikia ya shule, bila hata kuhesabu muda wa kushtuka. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa kwenye lami kavu yenye msuguano wa 0.7 husimama katika mita 36 hivi. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, msuguano ukiwa 0.25, linahitaji mita 100. Kwenye barafu, msuguano wa 0.1, linahitaji mita 250. Breki ni zile zile, dereva ni yule yule. Na kwa kuwa umbali hukua kwa mraba wa mwendo, ukishusha mwendo kutoka 80 hadi 56 umekwisha kuupunguza umbali huo nusu nzima.

Huenda pia gari lako lina mfumo wa kudhibiti uthabiti, maana kwa Marekani ni lazima katika magari madogo ya kuanzia toleo la 2012. Mfumo huo husoma pembe ya usukani ili kujua unataka kwenda wapi, kisha hufunga breki ya gurudumu moja moja kukusaidia. Ukikata kulia hadi mwisho, unauambia kwamba unataka kwenda kulia kabisa, nao utajitahidi kukupeleka huko mara tu tairi litakaposhika. Hii ni sababu nyingine ya kutuliza mikono.

Mzee wa Kazi, Ontario

Marahaba, binti. Nimekusoma mara mbili. Gari ninaloendesha sasa hutetemeka hivyo hivyo, nami kwa miaka yote hii nimekuwa nikiliachia kanyagio nikiamini ninafanya sawa. Nitaacha, na Mama Wawili asifuate niliyosema kuhusu breki.

Fundi Matairi, Minneapolis

Dada, kuhusu matairi nitasema kwa ufupi kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila siku. Tairi jipya huwa na mifereji yenye kina cha milimita 8 hivi. Sheria za majimbo mengi hapa huruhusu ishuke hadi 2/32 ya inchi, yaani milimita 1.6, lakini tairi la namna hiyo kwenye tope la theluji ni sawa na ndala kwenye sakafu yenye sabuni, kwa sababu halina mahali pa kulipitishia tope. Chukua sarafu ya senti 25, uiingize katika mfereji kichwa cha rais Washington kilichochorwa juu yake kikiwa chini. Ikiwa mpira haugusi hata nywele zake, umebakiwa na pungufu ya 4/32, na mimi nisingekuruhusu uende St. Cloud kwa matairi hayo.

Hata yakiwa na kina cha kutosha, mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, ilhali wa tairi la majira ya baridi hubaki laini. Utalitambua kwa mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M na S peke yake, yaani tope na theluji kwa Kiingereza, hazitoshi. Yafungwe manne kwa pamoja. Wateja wengi huniomba niwafungie mawili ya mbele ili kubana matumizi, nami hukataa, kwa sababu mbele ikishika na nyuma isiposhika, mkia utazunguka kwa urahisi zaidi kuliko ulivyozunguka Jumanne.

Dereva wa Uvira, Iowa

Samahani, narudi kwa sababu nimeyasoma tena maelezo ya dada na kuna sentensi moja ambayo sikupaswa kuipita. Umesema ulikaa humo bondeni karibu saa nzima injini ikiwaka, baada ya kuingia kinyumenyume. Dada yangu, gari likitumbukia kwa nyuma katika theluji, bomba la moshi linaweza kuzibwa, na moshi ukarudi ndani ya gari. Ndani ya moshi huo kuna gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, inayomlaza mtu usingizi asiamke. Na wewe ulikuwa umetoka zamu ya usiku, umechoka. Ungesinzia ukadhani ni uchovu tu.

Siku nyingine, ikiwa ni salama kushuka, kabla ya kuendelea kuwasha injini nenda nyuma ukafukue theluji kwenye bomba hadi liwe wazi, na urudie kuliangalia ikiwa theluji inaendelea kuanguka. Kisha fungua dirisha kidogo la upande usio na upepo, washa injini kwa dakika kumi hivi, na uizime. Ikiwa magari yanapita karibu na kwa kasi, usishuke. Funga mkanda, washa taa za hatari, piga 911, namba ya dharura, na uache injini ikiwa imezimwa. Kwa ajili hiyo weka blanketi zito, koleo fupi na glavu ndani ya gari, na si kwenye buti, kwa sababu buti lililozama katika theluji halifunguki.

Mama Wawili, Minnesota

Nawashukuru sana, kila mmoja wenu. Kuhusu bomba la moshi, niliposoma nililazimika kuketi, kwa sababu nakumbuka kichwa kiliniuma siku ile hadi jioni na nikasema ni mshtuko. Jana nimenunua koleo, na blanketi liko kiti cha nyuma.

Sarafu haikugusa. Matairi mawili ya nyuma yalionyesha kichwa chote cha Washington, na ya mbele yalikuwa na nafuu kidogo tu. Tumeagiza manne ya majira ya baridi, na yanafungwa Alhamisi. Fedha hizo tulikuwa tumezitenga kwa jambo jingine, lakini mume wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba jambo hilo litasubiri.

Jumamosi asubuhi tulikwenda katika uwanja mtupu wa kuegeshea magari wa kanisa letu, baada ya mchungaji kuturuhusu, kukiwa na theluji ya usiku isiyokwanguliwa. Nilikwenda maili 20 nikakanyaga breki kwa nguvu. Mara mbili za mwanzo mguu uliruka wenyewe kabla sijaamua lolote. Mara ya tatu nilishikilia, kanyagio likatetemeka, gari likasimama likiwa limenyooka. Kisha mume wangu akaingia, naye akaliachia mara nne mfululizo, mtu aliyeendesha gari miaka ishirini.

Jumatatu, kwa kuwa matairi mapya bado hayajafungwa, nilikusudia kuomba ruhusa nisiende, lakini hapakuwa na mtu wa kushika zamu yangu. Barabara ilikuwa na maji na tope jembamba pembeni. Nilikaa njia ya kulia kwa maili 40 kwa saa kutoka nyumbani hadi St. Cloud, nafasi ndefu mbele yangu, malori yakinipita upande wa kushoto na kunirushia uchafu hadi maji ya kusafishia kioo yakaniishia karibu na Monticello, nikalazimika kutoka barabarani kununua mengine. Nilifika nimechelewa nusu saa na ushei. Msimamizi wangu aliniuliza sababu, nikamweleza, akanijibu kwamba kuanzia sasa siku za theluji nianze safari mapema naye atanilipa kuanzia saa nitakayoingia.